Kambi ya watoto: tusinunue vitu vya kuchezea

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Nimesoma maoni yenu yote kuhusu ada na vifaa vya kambi ya watoto wetu. Naomba ada ibaki chini kama tulivyokubaliana, ili mzazi mwenye watoto watatu asilazimike kuchagua nani aje na nani abaki nyumbani. Nisichoweza kupunguza ni sanduku la huduma ya kwanza na posho ya mlezi mwenye mafunzo.

Vitu vya kuchezea tusinunue kabisa. Mtoto wa miaka minne akipewa kikopo kitupu na kijiti, atachimba udongo saa nzima bila kukuita. Leteni makopo ya plastiki yenye mifuniko, kamba fupi, vitambaa vikuukuu, na kioo cha kukuzia kama unacho. Tutahesabu miguu ya viumbe vidogo watakavyookota: sisimizi 6, buibui 8, na kwa jongoo kila mtoto atatupa jibu lake. Kila kiumbe kitarudishwa pale kilipookotwa. Hilo ndilo ningependa walijue kuliko majina ya miti.

Wasaidizi bado hawatoshi. Nataka mtu mzima mmoja kwa watoto watano, na tukikaribia maji, mmoja kwa wawili. Nani yuko huru asubuhi?

Mwenye mtoto mwenye pumu, au anayevimba vibaya akiumwa na nyuki, aniandikie pembeni leo. Wavae nguo zinazoruhusiwa kuchafuka na viatu vinavyofunika vidole. Manyunyu hayatatuzuia, ila ngurumo ya kwanza tu tunaingia ndani.