Ukuta wa Kaskazini wa Ngome ya Nunney

Bristol, Uingereza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na mama na wadogo zangu. Mimi huku sijambo, isipokuwa baridi, ambayo nimeizoea kwa shingo upande.

Jumamosi iliyopita nilipanda treni hadi Frome, mji mdogo wa Somerset, kisha nikatembea kilomita tano hivi hadi kijiji cha Nunney kutazama ngome iliyobomoka, na tangu nirudi nimekuwa nikitamani ungekuwapo, kwa kuwa ni jengo la kutazamwa na mwashi. Nilitarajia kuikuta juu ya kilima, kumbe imejengwa bondeni, katikati ya nyumba za watu, kijito kikiitenga na kanisa, hata mtu akisimama kwenye mteremko wa karibu huitazama kama anayechungulia uani kwa jirani. Mwenyewe alikuwa Sir John Delamare, aliyepewa kibali na Mfalme Edward wa Tatu mwaka 1373. Naam, hata zama hizo hukujenga ngome bila kibali. Kwa maoni yangu alijenga zaidi kwa fahari kuliko kwa vita.

Si kubwa. Ni jengo moja refu la ghorofa nne lenye mnara wa mviringo katika kila pembe, likizungukwa na handaki la maji ambamo sasa wanaogelea bata. Hakuna kiingilio, unavuka daraja dogo la mbao na tayari umo ndani. Sakafu zote za mbao zimetoweka, kwa hiyo ukiinua uso unaiona mbingu, na meko ya ghorofa za juu yamebaki yakining'inia ukutani kama rafu zisizofikiwa. Nilihesabu matundu ya boriti jinsi ulivyonifundisha siku zile ulipokuwa ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani kukarabati ile ngome ya kale iitwayo Gereza, nikaanza kuelewa palipokuwa na jiko chini, na ukumbi wa bwana juu yake. Madirisha ya chini ni membamba, ya juu ni mapana, maana mwenye nyumba alitaka mwanga na watumishi hawakuulizwa.

Lakini ni ukuta wa kaskazini ulionikalisha pale karibu saa nzima. Mwaka 1645, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya mfalme na Bunge, wenye ngome walikuwa upande wa mfalme. Jeshi la Bunge lilikuja na mzinga, likautoboa ukuta huo, na baada ya siku mbili waliokuwamo wakasalimu amri. Bonde lile halikuwasaidia kitu. Ajabu, Baba, ni kwamba ukuta wenyewe haukuanguka siku hiyo. Ulisimama na jeraha lake miaka 265, mvua na barafu vikiingia katika chokaa, mpaka siku ya Krismasi ya mwaka 1910 ulipoporomoka. Leo upande huo uko wazi, nawe unaona unene wa kuta zilizobaki: mawe yaliyochongwa kwa nje, na kifusi kilichoshikwa na chokaa katikati. Sisi tuna matumbawe, wao wana mawe ya migodi yao, lakini mkono wa fundi niliutambua.

Nilipiga picha nyingi za pembe ambako ukuta ulikatika, nazo nitazituma kwa simu ya mama. Tafadhali uzikuze utazame ule mstari wa chokaa karibu na mnara, kisha uniambie kama ni ukarabati wa baadaye, kama ninavyodhani.

Na ule ufa wa ukuta wetu wa jikoni, Baba, fedha ya saruji nimeituma jana. Naomba uzibwe kabla masika hayajaanza.

Nisalimie mama na jamaa wote.

Ni mimi mwanao