Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti: fungu la mazingira lisikatwe

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Salaam. Muswada ulio mbele ya kamati yako unapunguza fedha za programu za hifadhi ya mazingira, kwa hoja ya kubana matumizi. Kubana matumizi sikupingi. Napinga mahali mlipochagua kukata.

Fungu hili likipungua, wa kwanza kuguswa ni mpima maji. Huyu ni mtu anayeshuka mtoni, akaandika saa na mahali, akajaza chupa, akaiweka kwenye barafu na kuikimbiza maabara kabla bakteria hawajabadilika idadi. Kazi yake hakuna anayeiona, ndiyo maana ni rahisi kuikata. Lakini asipokwenda, kiwanda kinachomwaga taka usiku kitaendelea kumwaga, na hakuna atakayekuwa na karatasi ya kukishtaki.

Tazama yaliyoupata mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014, chini ya msimamizi aliyewekwa na jimbo kunusuru fedha za mji, mji uliacha maji yaliyoletwa kutoka mji wa Detroit ukaanza kutumia ya Mto Flint ili kupunguza gharama. Maji yale yalikuwa yanakula mabomba, na dawa ya kuzuia hilo haikutiwa. Madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakatoka kwenye mabomba, yakaingia kwenye maji wanayokunywa watoto. Wakazi walilalamikia rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama. Mji ulirudi kwenye maji ya Detroit Oktoba 2015. Mwaka 2021 mahakama iliidhinisha fidia ya dola milioni 626, na hakuna fidia inayoweza kumrudishia mtoto akili iliyoharibiwa na risasi. Inauma, kwa sababu ilizuilika.

Risasi hiyo hiyo iliondolewa kwenye petroli ya magari nchi baada ya nchi, ya mwisho ikiwa Algeria mwaka 2021. Sheria ndizo zilizoiondoa, na sheria isiyo na mkaguzi haimtishi mtu.

Kwa hiyo naomba, kabla ya kura, muwaite wakaguzi na wataalamu wa maabara waieleze kamati ni mito gani na visima gani vitaacha kupimwa. Na kama ni lazima fungu lipungue, fedha za vipimo na ukaguzi zitengwe kwa kifungu cha sheria zisiguswe. Kura ipigwe kwa majina, ili tujue nani alikubali nini.

Wako,
Mwananchi mpiga kura