Jiwe la baraza: pima kiu yake kabla ya kupenda rangi yake

Mteja akija kuchagua mawe ya baraza la nje, mara nyingi huanza na rangi. Kwa nyumba iliyoko huku pwani ya kusini, iwe Shangani, Msanga Mkuu au Mikindani za Mtwara, au Lindi mjini, rangi tunaiweka mwisho. La kwanza ni kujua jiwe linakunywa maji kiasi gani.

Sababu ni chumvi. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na mwaka mzima upepo wa baharini unaleta chumvi hadi mlangoni. Jiwe lenye vitundu vingi hunywa maji pamoja na chumvi hiyo. Jua likiyakausha maji, chumvi hubaki ndani na kuganda kuwa fuwele, na kila fuwele inavyokua inasukuma chembe za jiwe zilizo jirani nayo. Utaona asubuhi unga mweupe, laini kama sufi, umejitokeza juu ya jiwe. Ukiufagia, angalia kwenye kizoleo: pamoja na ule unga mweupe kuna mchanga wenye rangi ya jiwe lenyewe. Hapo jiwe limeshaanza kuliwa. Misimu michache baadaye kingo zimelika na katikati pamekuwa na kibonde kinachotuamisha maji.

Kipimo cha kiu ya jiwe hakihitaji maabara. Chukua kipande chenye uzito wa kilo 3 hadi 5, kianike juani siku tatu, kisha kipime kwa mizani inayosoma gramu. Kizamishe kwenye ndoo ya maji kwa saa 24. Kitoe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu ili maji ya juu tu yaondoke, ukipime tena. Toa uzito wa kwanza kwenye uzito wa pili, gawa kwa uzito wa kwanza, zidisha kwa 100. Jiwe la gramu 4,000 likitoka na gramu 4,040 limekunywa asilimia 1, nalo linafaa hata hatua chache kutoka ufukweni. Mpaka asilimia 3 tunalikubali kwa baraza lolote la pwani. Kati ya 3 na 6 tunalikubali kwa nyumba zilizo mbali na bahari, kwa mfano za Newala au Masasi, na liwekwe mahali penye mteremko mzuri. Likizidi 6, tunashauri litumike ukutani au kwenye kingo za bustani, si sakafuni.

Ukikosa mizani, mwagia jiwe kavu kijiko cha maji. Maji yakikaa juu kama yamemwagwa kwenye sahani, jiwe lina kiu ndogo. Yakipotea ndani ya dakika moja na kuacha doa jeusi linalotanuka, usiliweke sakafuni. Ligonge pia kwa nyundo: jiwe zima hulia kwa mlio mkali, lenye ufa wa ndani hutoa sauti iliyokufa kama ya chungu kilichopasuka.

Sasa tuyaangalie mawe yenyewe. La karibu kabisa ni jiwe la matumbawe, linalochimbwa nchi kavu ukanda wote wa pwani. Ni rahisi kukata na lina weupe mzuri, na wengi hutaka kulitandika barazani kwa kuwa wameona magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamedumu karne nyingi. Ni kweli yamedumu, lakini tazama yalivyojengwa: kuta za matumbawe zilifunikwa kwa lipu ya chokaa, na ile lipu ndiyo iliyokuwa inapokea mvua na chumvi. Tumbawe lililoachwa wazi sakafuni hunywa maji mengi, hulika kwa kukanyagwa, na kingo zake hubaki kali kwa anayepita peku. Litumie kwa kuta fupi, vitanda vya maua na kingo za njia. Na liwe la machimbo ya nchi kavu. Tumbawe hai la baharini hatuuzi wala hatulitengenezi, kwa sababu ndilo nyumba ya samaki na ndilo linalovunja mawimbi kabla hayajafika ufukweni.

Jiwe tunalolipendekeza kwanza kwa baraza la pwani ni la jamii ya itale, ambalo wengi wanaliita granaiti. Milima ile ya mawe inayoizunguka Masasi, kama kilomita 200 kutoka Mtwara mjini, ni mawe magumu ya namna hiyo. Hunywa maji kidogo sana, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na halisumbuliwi na asidi za jikoni. Shida yake ni ukataji: ni gumu, linakula visu vya grainda, na fundi asiyelizoea atakupa vipande vyenye unene tofauti. Chagua lililopasuliwa au lililochomwa uso likawa na ukwaruzo. Lililong'arishwa kama kioo libaki ndani ya nyumba, maana likipata maji ya mvua linateleza vibaya mno kwa mtoto anayekimbia na kwa mzee mwenye bakora.

Kuna mawe bapa yanayouzwa kwa jina la mawe ya Tanga, yenye tabaka na mng'ao wa ulanga, yale madini ya vijiganda vinavyometameta. Mengi ni mazuri na yanatandikwa kirahisi, ila lazima yachambuliwe moja moja. Shika kipande, kitazame ubavuni, jaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya tabaka. Kikifunguka kama mkate wa chapati, kirudishe. Barazani kitabanduka ganda kwa ganda kila msimu wa mvua. Angalia pia madoa ya rangi ya kutu. Doa la kutu kwenye jiwe jipya linaonyesha kuna madini ya chuma ndani, na likilowa mara kwa mara litasambaa, hata kwenye mawe ya jirani.

Marumaru halisi, yaani jiwe, na si vigae vya dukani ambavyo nasi tumezoea kuviita marumaru, pamoja na mawe yote ya chokaa, yana adui mwingine: asidi. Kamua tone la ndimu juu ya jiwe. Likitoa povu dogo na kuacha alama isiyong'aa, hilo ni jiwe la chokaa au jamii yake, na ndimu, siki au ukwaju vitalila hivyo hivyo wakati wa chakula. Kusini hapa kuna jambo moja zaidi ambalo vitabu vya nje havilitaji: mkorosho. Bibo, yaani tunda lake, likianguka na kupasuka juu ya jiwe la chokaa, maji yake huacha doa la kahawia linaloingia ndani, na asidi yake hukwangua uso. Mafuta ya ganda la korosho ni mabaya zaidi. Ni meusi, yananata, na hayatoki kwa sabuni. Kama baraza lako liko chini ya mkorosho, au ndipo mnapokaangia korosho, tandika itale ya kijivu iliyokoza na usifikirie jiwe jeupe.

Kuhusu rangi, neno fupi: jiwe jeusi saa saba mchana halikanyagiki peku, na jeupe kabisa linaumiza macho. Kijivu na kahawia isiyokoza ndizo zinazokalika.

Unene hutegemea kinachopita juu. Kwa watu na viti, juu ya jamvi la zege, sentimita 3 zinatosha. Ukitandika juu ya mchanga bila zege, usishuke chini ya sentimita 5. Panapoingia gari, tumia mawe madogo yaliyochongwa, ya sentimita 8 hadi 10 kila upande, kwa sababu jiwe pana na jembamba likikanyagwa na tairi pembeni hupinduka au kukatika katikati. Kumbuka uzito wakati wa kuagiza: mita moja ya mraba ya itale yenye unene wa sentimita 3 ina kama kilo 81. Anayekuuzia kwa tani, tani moja itakupa kama mita za mraba 12, na jiwe likizidi unene kwa sentimita moja tu, eneo linashuka hadi mita 9. Pima unene kabla ya kukubali bei.

Tuseme baraza lako ni mita 5 kwa 4, yaani mita za mraba 20. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, mwaga moramu, ushindilie ibaki sentimita 10. Utahitaji kama mita za ujazo 2.6 kabla ya kushindilia. Juu yake jamvi la sentimita 10 kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simenti sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne: mifuko 13 ya simenti ya kilo 50, mchanga chini kidogo ya mita 0.9 na kokoto mita 1.8 za ujazo. Matandiko ya jiwe, yaani mota ya simenti na mchanga inayolaziwa jiwe, sentimita 4 kwa mchanganyiko wa 1:4, ni mifuko 6 na mchanga kama mita 0.85. Mfuko mmoja ni kama lita 35, kwa hiyo 1:4 ni mfuko kwa ndoo 7 za lita 20. Fundi anayehesabu kwa koleo ana mchanganyiko tofauti kila saa. Ongeza mfuko 1 wa kujazia viungo. Mawe, nunua mita 22 kama yamekatwa mraba, 23 kama hayana umbo.

Mteremko uanze kwenye moramu, sio kwenye matandiko. Sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na ukuta. Kwa mita 4 ni tofauti ya sentimita 6 hadi 8, na uso wa juu wa baraza upande wa nyumba uwe sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilionyesha pwani yetu mvua inaweza kushuka kwa wingi gani kwa muda mfupi. Baraza lililo sawa na kizingiti cha mlango huleta maji sebuleni.

Mchanga usitoke ufukweni, hata ukioshwa na mvua moja. Chumvi yake itapanda kwenye jiwe kutoka chini, na hata itale safi itaota unga mweupe kwenye viungo. Mchanga wa mto au wa shimo nao upime: jaza mchanga nusu ya chupa inayoonyesha ndani, ongeza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope lililotulia juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, urudishe.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuweka madonge matano ya mota, manne pembeni na moja katikati, kisha kulaza jiwe juu. Ni haraka, na fundi anapata usawa kirahisi. Lakini chini kunabaki mapango. Maji yanakaa humo, na mguu wa kiti ukitua juu ya pango jiwe linapasuka. Matandiko yajae chini yote. Safisha vumbi mgongoni mwa jiwe, lipake niru, yaani uji wa simenti, lilaze niru ikiwa bichi, ligonge kwa nyundo ya mpira mpaka likae sawa na kamba ya usawa. Likigongwa litoe sauti nzito kila sehemu. Ukisikia sauti ya pango, linyanyue papo hapo.

Viungo viwe vya milimita 10 hadi 15. Funika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba, hasa wakati wa kusi, kwa sababu upepo hukausha mota kabla haijashika. Siku tatu za kwanza mtu asikanyage.

Simenti iliyomwagika juu ya jiwe ifutwe siku ile ile kwa sponji na maji. Baadhi ya mafundi huisubiri ikauke, kisha huosha kwa asidi. Kwa jiwe la chokaa hapo umeliua, na kwa itale unaweza kuamsha kutu. Vanishi nayo usikubali nje. Inapendeza wiki za mwanzo, kisha unyevu wa chini unainyanyua, inakuwa na malengelenge, na ikilowa inateleza. Ukitaka kinga, chagua dawa inayozama ndani ya jiwe bila kuacha utando, ipake kwenye jiwe lililokauka wiki nne baada ya kazi, na ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Vipande hivyo visitupwe. Hifadhi mawe matano au sita ya mzigo ule ule, kwa sababu machimbo hubadilika rangi kadiri yanavyoshuka, na jiwe la kuziba pengo mwaka kesho halitafanana na la leo.