Kitambi si cheo

Mhariri,

Juzi fundi wangu hapa Kibuye, Kisumu, alinizungushia futi kiunoni akacheka: "Mzee, ile suruali ya mwaka jana tuitupe?" Sentimita 103. Waliokuwa pale wakanipongeza, eti sasa nimeiva.

Pongezi za nini? Mafuta ya tumboni hayaishii chini ya ngozi. Mengine hujipenyeza hadi kwenye ini na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Mwaka 2015, Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipopunguza uzito, kongosho lilipoteza mafuta yasiyofika gramu moja, na insulini ikaanza kutoka vizuri tena. Gramu moja! Hata kijiko cha chai hakijai.

Zahanati ninayokwenda hunipima uzito na presha kila mara. Kiuno, hata siku moja. Kwani futi ni bei gani? Hatari huanza kupanda kwenye sentimita 94 kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke.

Mimi sasa nashuka matatu steji mbili kabla ya nyumbani. Ugali wa usiku nimeukata nusu. Samaki, hapana, siachi.

Msomaji wenu,
Kisumu