Hawahitaji kusikiliza simu ya mwandishi

Ndugu Mhariri,

Kila unapotajwa udukuzi wa simu za waandishi, watu hukimbilia Pegasus, programu ya ujasusi inayoingizwa kwenye simu kwa siri. Pegasus ipo na ni hatari, ila ni ghali mno. Mwandishi wa mkoani anayefuatilia zabuni ya halmashauri hakuna atakayemnunulia. Kumnasa yeye, kumbukumbu za kampuni ya simu zinatosha.

Kumbukumbu hizo hazina sauti. Zina namba iliyopiga na iliyopigiwa, saa, muda wa maongezi, mnara uliotumika na IMEI, zile tarakimu 15 za kifaa chenyewe (bonyeza *#06# utaziona). Habari ikitoka Jumatatu, mpelelezi huchukua orodha ya mwandishi ya wiki mbili za nyuma na kuilinganisha na namba za watumishi wa idara ya manunuzi. Wakiwa kumi, anatafuta namba moja inayojirudia. Ni kazi ya nusu siku, na mwandishi mwenyewe hajaguswa. Anayehamishwa au kusimamishwa kazi ni mtoa habari, na wenzake ofisini wakiona hivyo hawapokei tena simu za waandishi.

Tangu laini za Tanzania zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, kila namba ina mtu anayejulikana na NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, nyuma yake. Wapo wanaodhani dawa ni kununua laini nyingine. Ukiitia kwenye simu ileile, IMEI inaziunganisha laini zote mbili siku hiyohiyo. Hata ukinunua na simu nyingine ukaibeba mfuko mmoja na ya zamani, zote mbili zitashika minara ileile kutwa nzima, na hilo nalo linasomeka.

Kisheria, mlango uko wazi. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru mwenye data azitoe, bila kupita kwa hakimu. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, aligoma kutoa taarifa za wachangiaji wake, akakamatwa Desemba 2016 na kuburuzwa mahakamani Kisutu. Kampuni ya simu, yenye leseni ya kulinda, haina sababu ya kugoma. Taarifa iliyotolewa na Vodafone mwaka 2014 ilionyesha kuwa kampuni yake ya Tanzania ilipokea maombi 98,785 ya kumbukumbu za wateja ndani ya mwaka mmoja. Mengi bila shaka yalihusu wizi na utapeli. Yaliyohusu waandishi hayakutenganishwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuyahesabu.

Vyumba vya habari navyo vina uzembe wao. WhatsApp hufunga ujumbe kwa msimbo njiani ili mwingine asiusome, lakini nakala rudufu inayokwenda Google Drive haifungwi kwa namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe. WhatsApp iliyoachwa wazi kwenye kompyuta ya ofisi inasomwa na yeyote anayeketi pale. Picha ya nyaraka ikitumwa kama faili huweza kubeba mahali na saa ilipopigwa. Mkikutana na mtoa habari, simu ibaki nyumbani ikiwa imewashwa. Simu inayozimika kila Alhamisi saa kumi jioni nayo inasema kitu.

Na simu iliyoshikiliwa na polisi isirudi kazini. Nchini Kenya mwaka 2025, Citizen Lab, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Toronto, ilichunguza simu za watengenezaji filamu waliokamatwa Nairobi, ikakuta programu ya ujasusi ya FlexiSPY iliyowekwa wakati simu zikiwa mikononi mwa polisi. Kubadili neno la siri hakuiondoi.

Kwa Bunge, ombi ni fupi: kifungu cha 32 kirekebishwe, amri ya data itoke kwa hakimu, na ikiwa ni za mwandishi, hakimu aelezwe hivyo kabla ya kutia saini. Kampuni za simu zitangaze kila mwaka zimepokea amri ngapi, kutoka taasisi zipi, na zimekataa ngapi.

Mdau wa habari,
Dar es Salaam