Usiache uzazi wa mpango kwa hofu ya kisukari, pima

Mhariri,

Kauli kwamba dawa za uzazi wa mpango zinaleta kisukari imeenea kiasi kwamba wapo wanawake wanaoacha njia yao leo bila kushika nyingine. Naomba nafasi niichambue, kwa sababu ndani yake kuna ukweli kidogo uliotiwa chumvi nyingi, na anayeumia ni mwanamke anayeshika mimba asiyoitarajia wakati sukari yake iko juu.

Ukweli wenyewe ni huu. Projestini, homoni iliyomo katika vidonge, sindano na vipandikizi, inaweza kuifanya misuli isiitikie insulini vizuri. Kongosho lenye afya hujibu kwa kutoa insulini zaidi kidogo, na sukari hubaki palepale. Ndiyo maana kwa mwanamke asiye na kisukari vipimo hubadilika kidogo tu, kama vitabadilika. Hofu ilianzia kwenye vidonge vya zamani. Kidonge cha kwanza kilichoidhinishwa Marekani kwa kuzuia mimba, mwaka 1960, kilikuwa na mikrogramu 150 za estrojeni, homoni nyingine ya vidonge, na karibu miligramu 10 za projestini. Kidonge cha kawaida cha sasa kina mikrogramu 20 hadi 35 za estrojeni, na projestini yake ikiwa ni ya aina ya levonogestreli ni mikrogramu 150 hivi. Kukihukumu cha leo kwa makosa ya kile cha jana si haki.

Sindano ya miezi mitatu naiweka kando kidogo. Ina miligramu 150 za projestini zinazochomwa kwa mkupuo, na ukishachomwa huwezi kuitoa kama unavyotoa kijiti cha kipandikizi. Baadhi ya wanawake hunenepa wakiitumia, na unene ndio unaoipa insulini kazi ngumu. Kwa hiyo mizani ni kipimo cha maana hapa: andika uzito siku ya sindano ya kwanza, kisha upime tena kila unaporudi. Anayeongezeka zaidi ya asilimia 5 katika miezi sita ya mwanzo (yaani zaidi ya kilo 3 kwa mwenye kilo 60) huwa anaendelea kuongezeka. Huyo azungumze na mhudumu kuhusu kubadili njia kabla ya sindano inayofuata, asingoje mwaka upite.

Wanaohitaji uangalizi zaidi ni waliowahi kupata kisukari cha mimba. Shirika la Afya Duniani haliwazuii kutumia njia yoyote kwa sababu hiyo pekee. Lakini hatari yao ya kupata kisukari baadaye ni kubwa hata wasipotumia homoni yoyote, na wengi hawapimwi tena baada ya kujifungua. Ugonjwa ukigunduliwa miaka miwili baadaye, sindano ndiyo inayolaumiwa. Kipimo chao ni cha glukosi ya kunywa, wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Siku tatu kabla ale kawaida bila kujinyima wanga. Alale bila kula kwa saa 8 au zaidi, atolewe damu, anywe gramu 75 za glukosi kwenye maji ndani ya dakika 5, atulie kwenye kiti, kisha atolewe damu tena saa 2 zikitimia. Akitembeatembea huku anasubiri, majibu yanaweza kushuka kwa uongo. Milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au 11.1 au zaidi baada ya saa 2, ni kiwango cha kisukari. Asiye na dalili arudie siku nyingine kuthibitisha.

HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari, kina mitego yake. Mwanamke aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua ana chembe nyekundu changa, na majibu hushuka isivyo kweli. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hakigusi sukari, lakini kinaweza kuongeza hedhi. Hedhi nyingi hupunguza madini ya chuma, na upungufu huo unaweza kuipandisha HbA1c. Mtu anaweza kuambiwa sukari imepanda kumbe ni damu iliyopungua. Wapime vyote viwili, sukari yenyewe na wingi wa damu.

Kwa aliye tayari na kisukari, swali kubwa ni mishipa yake. Estrojeni huongeza uwezekano wa damu kuganda. Kama kisukari kimefika kwenye macho, figo au neva, au kimezidi miaka 20, vidonge vyenye estrojeni havimfai, na sindano ya miezi mitatu kwa kawaida haishauriwi. Vipandikizi, vidonge vya projestini pekee na kitanzi cha homoni bado anaweza kuvitumia, na kitanzi cha shaba hakina kizuizi kwa upande wa kisukari. Asiye na madhara hayo ana uhuru mpana zaidi, ila apime shinikizo la damu kabla ya kuanza estrojeni, na apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo ili dozi ya insulini irekebishwe ikibidi. Anayeanza sindano ya tirzepatidi, dawa ya kushusha sukari na uzito, ajue kwamba inapunguza nguvu ya vidonge vya kumeza: atumie kondomu pia kwa wiki 4 baada ya kuanza na kila dozi inapoongezwa, au ahamie njia isiyomezwa.

Viungo vya mtoto huumbwa katika wiki nane za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito, na sukari ya juu wakati huo huweza kuharibu moyo na uti wa mgongo. Ndiyo sababu mwenye kisukari hushauriwa kuishusha HbA1c chini ya asilimia 6.5 kabla ya kuacha kinga. Na anayetaka kubadili njia asitangulie kuacha ya zamani akisubiri hedhi. Kama alikuwa anaitumia sawasawa, kipandikizi kinaweza kuwekwa siku hiyohiyo.

Mhudumu wa afya ya uzazi