Risala ya klabu ya uigaji wa kompyuta kwa mgeni rasmi, Siku ya Sayansi

Mheshimiwa mgeni rasmi,

Tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Ukifika mezani kwetu utaona kwenye skrini utando wa seli ukitikisika, na ndani yake bonge jekundu. Hilo ni beta-amiloidi, protini ya asidi amino 42 inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Zikishikana chache na kuzama kwenye utando wa seli ya neva, huenda zikautoboa na kuachia kalsiamu ipite ovyo. Kulifuatilia tukio hilo atomu kwa atomu maabara ni kazi ngumu mno, ndiyo maana tunaliiga.

Mheshimiwa, kisanduku chetu cha kwenye kompyuta kina nanomita 10 kila upande: lipidi 300 (molekuli za mafuta ya utando) za aina ya POPC katika safu mbili, maji molekuli 20,000 hivi, chumvi kidogo, joto kelvini 310, yaani nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Jumla ni kama atomu laki moja. Kwanza tunaondoa maji yaliyonasa katikati ya mafuta na kushusha nishati, yaani kuzilegeza atomu zilizobanana. Kisha tunaishikilia protini mpaka lipidi zijipange, ndipo tunaiachia kidogokidogo. Ukiruka hatua hii atomu hugongana na programu huanguka. Afadhali hilo, maana kosa linajitangaza.

Linalotusumbua ni kosa la kimyakimya. Modeli ya Martini, njia ya kurahisisha uigaji, hufunga takriban atomu nne nzito (zisizo za hidrojeni) kuwa shanga moja, na kazi inakwenda mbio. Ila toleo lake la 2 lilizifanya protini zinate kupita kiasi: bonge linatokea, watu wanashangilia, kumbe ni gundi ya modeli! Toleo la 3, la mwaka 2021, lilipunguza tatizo hilo. Kisanduku kikiwa chembamba nacho hudanganya, kwani kompyuta hukirudia kisanduku kilekile pande zote, na bonge hugusa taswira yake lenyewe ng'ambo ya ukuta.

Kompyuta huzisogeza atomu hatua kwa hatua: kwa hatua za femtosekunde 2 (femtosekunde ni sehemu ya bilioni moja ya mikrosekunde, nayo mikrosekunde ni sehemu ya milioni ya sekunde), mikrosekunde moja ni hatua milioni 500. Nasi hurudia kila jaribio mara tano, kila mara kwa kasi tofauti za mwanzo za atomu. Bonge lililojitokeza mara moja tu hatulihesabu.

Mheshimiwa, marudio hayo yote yanapanga foleni kwenye kadi moja ya GPU, kichakataji cha michoro kinachotufanyia hesabu hizi. Umeme ukikatika, programu yetu ya uigaji, GROMACS, inaendelea kutoka hali iliyohifadhiwa kila dakika 15, lakini ni lazima mtu awepo kuiwasha tena, hata usiku wa manane. Tunaomba kadi ya pili, UPS (betri ya akiba ya umeme), na diski ya terabaiti 4.

Ni sisi, wanachama wa klabu. Karibu mezani.